Siku Tume Ilipokomesha Nyongeza

Kwa niaba ya Tume ya Kuboresha Mauzo Mitaani, Kanda ya Eastlands, nina furaha kuwatangazia wakazi wa Kaloleni kwamba kuanzia leo nyongeza imekomeshwa.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe mbele ya ukumbi wa mtaa, Februari mwaka wa tisini na nne, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama mbuzi. Naitwa Ndung'u. Wakati huo nilikuwa Msimamizi Msaidizi wa Vifaa na Mengineyo. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo sina njia nyingine ya kueleza jambo ila kulisema.

Tatizo ambalo Tume ilikuwa ikipambana nalo lilikuwa mama mmoja. Jina lake ni Kavinya, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Nthambi. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la ukumbi, akiuza chai na maandazi, andazi moja shilingi mbili. Ukishanunua manne, ulikuwa huondoki. Unasimama tu. Unaangalia angani kama mtu anayengoja mvua. Halafu unasema, "Mama, si uniongeze."

Naye anakuita mwizi. Anakuuliza kama nyumbani kwenu mmewahi kushiba. Halafu anakuongeza moja.

Mkurugenzi wetu, Bwana Githinji, aliketi dirishani wiki mbili nzima akifanya utafiti.

"Maandazi arobaini kwa siku, Ndung'u!" akaniambia. "Arobaini yanatoka nje ya mfumo! Yanaenda wapi?"

"Tumboni, bwana."

"Bila kibali!"

Dawa aliijua. Alikuwa amepelekwa semina Ulaya siku nane, na kwenye uwanja wa ndege akakutana na mashine ya kuuza vitu. Unatia sarafu, unabonyeza, kitu kinaanguka. Alituambia kwamba alisimama mbele yake dakika kumi, na haikumwongeza chochote. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mashine haina huruma, alituambia kikaoni, na penye huruma hapana maendeleo.

Mpango ukawa mfupi. Mashine ikizinduliwa na ikafanya kazi, kibanda cha Mama Nthambi kingebomolewa Jumatatu inayofuata. Ombi lake la leseni lilikuwa mezani kwa Mkurugenzi miezi kumi na mmoja likingoja sahihi, na sasa lisingehitaji kungoja tena. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na binti yake Nthambi, aliyekuwa kidato cha pili, lakini hilo halikuwa katika ajenda.

Bajeti haikutosha mashine mpya. Haikutosha hata nusu ya mashine mpya. Nikatumwa Baba Dogo, ambako kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kimefungwa na mali yake inapigwa mnada. Katika kantini kulikuwa na mashine tatu zilizotoka Uingereza miaka mingi iliyopita. Ya kwanza ilipokea pesa na haikutoa kitu. Ya pili ilitoa kila kitu bila kupokea pesa. Ya tatu ilikuwa na panya. Nilizinunua zote tatu, kwa sababu dalali alisema ya panya ni ya kuniongeza.

Kazi ya kuzifufua tulimpa Munyao, fundi wa jua kali, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Alizifungua zote uani kwa ukumbi, akapanga vyuma juu ya gunia, akavitazama siku mbili bila kuvigusa. Halafu akaanza. Kutoka ya kwanza alichukua koo la kumezea sarafu. Kutoka ya pili, zile nyaya za kujiviringa zinazosukuma bidhaa mpaka ianguke. Zilikuwa zimepinda, akazinyoosha kwa kuzizungusha kwenye bomba. Kutoka ya tatu alichukua sanduku lenyewe, akalisugua kwa msasa na mafuta ya taa mpaka harufu ya panya ikabaki ya kusikika Jumapili tu. Mota iliyokufa aliibadilisha na mota ya waipa ya Datsun. Kile kilango cha chini, unakotolea ulichonunua, springi yake ilikuwa imeoza, akaweka springi ya breki ya lori.

"Hiki kilango kina hasira," akaniambia. "Kinataka mpira hapa ukingoni, la sivyo kitamuuma mtu. Mpira wenyewe ni shilingi themanini."

Nikalipeleka ombi la mpira kwenye kamati. Kamati ilikaa mara tatu juu ya mpira huo, kila kikao kikiwa na marupurupu ya wajumbe na maandazi ya Mama Nthambi. Kikao cha tatu kiliamua kwamba mpira si mashine, na bajeti ni ya mashine. Ukakatwa.

Kisha ikaja rangi. Mali yote ya Tume hupakwa kijani mpaka kifuani na rangi ya maziwa kuanzia kifuani kwenda juu. Fundi wa rangi aliifuata kanuni mpaka kwenye kioo. Tulikwangua kioo siku mbili kwa wembe. Mashine ikapewa namba, TKM/EL/001, ikafungwa mnyororo kwenye nguzo ya ukumbi, ikawekewa askari wa mchana, askari wa usiku, na karani wa kutoa risiti, kwa kuwa mashine haiwezi kutia sahihi. Hivyo ndivyo tulivyoondoa muuzaji.

Ilibaki bei. Lile koo lilikubali sarafu moja tu, shilingi tano ile kubwa ya pembe saba. Nikamwomba Munyao aifundishe shilingi mbili.

"Pesa za kuifundisha mlikula kwenye kikao cha mpira," akasema.

Kwa hiyo andazi lilipandishwa likawa shilingi tano. Na kwa kuwa Tume haikuwa na mtu anayejua kukanda unga, maandazi ya uzinduzi tuliagiza kwa Mama Nthambi. Aliyaleta ishirini na manne saa kumi na mbili asubuhi, yangali moto. Saa moja tukafunga kibanda chake kwa kufuli na karatasi yenye muhuri: ASIFUNGUE MTU.

"Mtanifungia hata kabla sijaosha sufuria?" akauliza.

"Ni utaratibu, mama," nikamwambia.

"Na leseni yangu?"

Hapo lazima nieleze kuhusu leseni, kwa sababu nilikuwepo siku alipoiomba. Bwana Githinji alimsukumia fomu, na Mama Nthambi akatoa kalamu yake kwenye mkoba ili atie sahihi. Mkurugenzi akamshika mkono.

"Wachuuzi hawatii sahihi hapa. Wanaweka kidole."

"Lakini bwana mkubwa, mimi nimefika darasa la nane. Naandika vizuri."

"Kidole, mama. Gumba la kushoto. Usitupotezee wino."

Akaweka. Kila mchuuzi wa Eastlands aliweka. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya gumba, kimoja cha mwombaji na kingine cha afisa, kwa sababu aliyeichapisha alirudia upande mmoja kwa makosa. Cha afisa hakikuwa kimewahi kutumika. Afisa alikuwa na sahihi, na sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu uliozunguka mara mbili.

Saa nne uzinduzi ukaanza. Watu walikuwa kama mia mbili, wengine wamevuka kutoka Makongeni. Bwana Githinji alihutubia nusu saa. Alisema nyongeza ni ufisadi mdogo unaozaa mkubwa. Alisema mtu mwenye heshima hununua kitu chake, akageuka, akaenda. Makofi yalikuwa ya wafanyakazi.

Akatia sarafu. Mota ya Datsun ikalia vzzz, vzzz, kama inafuta mvua. Andazi likasogea, likasita, likaanguka. Watu wakashangilia kwa kweli, hata Mama Nthambi, maana lilikuwa andazi lake. Mkurugenzi akasukuma kilango polepole, akalitoa, akalila mbele ya umma katika mikupuo mitatu.

Halafu hakuondoka.

Nasema kama shahidi: alisimama. Aliangalia angani kidogo. Aliangalia kioo. Andazi la pili lilikuwa limesogea mpaka ukingoni, linaning'inia, halijaamua. Mkurugenzi akakohoa. Mashine ikanyamaza. Akainama, akaingiza mkono wa kulia kwenye kilango, akaupandisha juu mpaka kwenye kiwiko.

Paa!

Sijasikia mtu mwenye cheo akilia sauti nyembamba namna ile.

"Munyao! Fungua hii kitu!"

Munyao akachuchumaa, akachungulia. "Nikifungua kwa nyuma, springi inavuta zaidi. Mkono utabaki ndani, mzee, uuzwe shilingi tano. Dawa yake ni mafuta ya kupikia, mengi, uteleze pole pole." Akajifuta mikono. "Nilisema mpira."

"Mafuta! Nani ana mafuta nyumbani?"

Watu mia mbili wakagundua kwa pamoja kwamba mafuta yameisha.

"Tulimaliza jana, mzee," akasema mama mmoja.

"Kwetu tunachemsha tu," akasema mwingine.

"Buda, mwambie mashine ikuongeze mkono!" Huyo sikumwona ni nani, na Jacky, karani wetu wa mashine ya taipu, aliandika maneno yake kwenye kumbukumbu bila jina.

Mama Nthambi akapaza sauti bila haraka. "Mimi ninayo. Mkebe mzima wa kilo mbili. Uko kibandani."

"Ulete basi!"

"Kuna karatasi yako mlangoni, bwana mkubwa. Imesema asifungue mtu. Na mimi ni mtu."

"Ndung'u! Ng'oa hiyo karatasi!"

Sasa watu wamenilaumu kwa hili, na wengine wamenipongeza, na wote hawajui nilichokuwa nakifikiria. Nilikuwa namfikiria aliyenitangulia kazini. Alifungua kabati lililofungwa kwa muhuri ili atoe mwavuli wake, siku ya mvua, na Bwana Githinji akamfuta kazi kabla mwavuli haujakauka. Kwa hiyo nilitoa Waraka Namba Kumi na Nne mfukoni, nikausoma kwa sauti: mahali palipofungwa na Tume hapafunguliwi ila mwenyewe awe na leseni iliyoidhinishwa na Mkurugenzi.

"Huo waraka nimeuandika mimi!"

"Ndiyo maana nausoma pole pole, bwana."

"Nimekuidhinisha, mama! Umesikia? Nimekuidhinisha!"

"Asante sana," akasema Mama Nthambi. "Kwa maandishi."

Jacky akakimbia ofisini, akarudi na fomu ya miezi kumi na mmoja. Mkurugenzi akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kitu. Jacky akakilinganisha na sahihi yake ya kawaida, akatikisa kichwa.

"Haifanani, mzee. Mkia umekosekana. Ulinirudishia fomu ya likizo mara mbili kwa ajili ya mkia."

Kilango kikabana zaidi kidogo. Mkurugenzi akafumba macho.

"Kuna kile kisanduku kingine," nikasema. "Cha gumba."

Umati ukasogea karibu. Hata kipaza sauti kiliacha kulia.

Jacky ni msichana mwadilifu. Alisema fomu ikitumika kwa kidole, kanuni inataka mhusika asomewe kwanza kwa lugha anayoielewa, mbele ya mashahidi. Akasoma: "Mimi, Githinji, nisiyejua kusoma wala kuandika, nimesomewa maneno haya nikayaelewa, nami naweka kidole changu kwa hiari yangu. Umeelewa, mzee?"

"Jacky..."

"Sema ndiyo, mzee. Fomu inataka ndiyo."

"Ndiyo!"

Mama Nthambi ndiye aliyemshikia kibweta cha wino. "Gumba la kushoto," akamwambia, kwa upole wa daktari. "Bonyeza, usisugue. Ndani ya kisanduku, bwana mkubwa. Usitupotezee wino."

Akabonyeza. Lilikuwa gumba safi sana, mistari yote inaonekana.

Nikang'oa karatasi, kufuli likafunguliwa, mkebe ukaja. Mama Nthambi alimpaka mafuta mpaka kwapani akimwambia alegeze vidole, na yeye hakulegeza. Mkono ukatoka ukiwa umekunja ngumi, na ndani ya ngumi hiyo mlikuwa na lile andazi la pili.

"Ameongezwa!" umati ukapiga kelele. "Ameongezwa!"

Leseni ikaingia kwenye faili, na faili likaenda makao makuu pamoja na mengine, kama kila mwezi. Makao makuu hawasomi hotuba. Husoma fomu. Wiki ya tatu barua ikaja: imebainika, kwa hati iliyoshuhudiwa na wafanyakazi wawili, kwamba Mkurugenzi wa Kanda hajui kusoma wala kuandika. Amesimamishwa kazi kwa muda na ataandikishwa darasa la ngumbaru pale Makongeni, Jumanne na Alhamisi, mpaka atakapofaulu. Aliandika barua ndefu ya kukata rufaa, yenye hati nzuri kabisa. Ilirudishwa. Walisema haiwezekani kuwa ameiandika yeye.

Nafasi yake ninaikaimu mimi, wa darasa la sita. Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kununua mpira wa shilingi themanini. Wa pili ulikuwa kuruhusu kila mchuuzi atie sahihi kwa kalamu yake. Mashine ingali imefungwa kwenye nguzo, na askari wake wawili hunywa chai kwa Mama Nthambi kwa zamu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa hapo kibandani Bwana Githinji alipopita akitoka darasani, daftari kwapani. Akanunua manne. Mama Nthambi akamfungia kwenye gazeti.

"Leo mmefundishwa nini, mzee?"

"Irabu," akasema.

"Vizuri. Polepole utashika."

Akalipa. Akapokea maandazi yake. Halafu akasimama, akaangalia angani.

"Na sasa?" akauliza Mama Nthambi.

Bwana Githinji akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona, akashusha sauti.

"Mama, si uniongeze."

Akamwita mwizi. Akamuuliza kama nyumbani kwao wamewahi kushiba. Halafu akamwongeza moja.