Ukuta Uliofeli Mara Tisa

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kukausha na Kutengeneza Nyumba Zilizopatwa na Moto na Maji.

KUHUSU: MALALAMIKO MATANO NA OMBI MOJA JUU YA UKUTA WA SEBULE YANGU

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini, ambako naamini kuta zote ni kavu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa ukuta mmoja, na huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Huenda hukulitambua jina langu ulipoliona kwenye faili. Mimi ndiye niliyekufundisha sayansi miaka miwili mfululizo. Ulikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, na wenzako walikuita Popo kwa kuwa ulilala mchana. Sikukumbushi hayo kwa ubaya. Nakukumbusha kwa sababu nitayahitaji mwisho wa barua.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana faili lenu limeandika "ajali ya jikoni", maneno ambayo hayamtendei haki mtu yeyote.

Jumamosi ya wiki tatu zilizopita mke wangu alikwenda kumjulia hali dada yake, akaniachia sufuria ya maharage jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuitazama. Niliitazama. Niliitazama mpaka nikaridhika kwamba ni sufuria yenye tabia njema. Ndipo jirani yangu, fundi cherehani, aliponiita kutoka upande wa pili wa ua akitaka kujua kwa nini pasi yake ya mkaa huzimika akiziba matundu. Swali zuri. Mtu akikuuliza swali zuri huwezi kumjibu kwa mkato. Nikamweleza kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye hewa aliponikatiza, "Mwalimu, samahani, nyuma yako." Nikamwambia maswali mengine tutayachukua mwishoni.

Moto wenyewe ulikuwa wa kiasi. Ulikula pazia, kabati moja, na maharage. Maji ndiyo yaliyokosa kiasi. Majirani walileta ndoo, kisha zimamoto wakaleta mpira wao na kuupitisha kwenye dirisha la sebuleni ili ufike jikoni, na tangu siku hiyo sijui niwaambie watu kwamba nyumba yangu iliungua au ilizama.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni akiyatazama makochi yanavyochuruzika. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alisema tu, "Baba, mimi narudi kwa dada. Nitakuja siku watakayokupa cheti kwamba nyumba imekauka. Uyamwagilie maua yangu." Akachukua mkoba wake akaondoka. Ndugu Meneja, tuna miaka arobaini na moja ya ndoa, na kabla ya hapo hatukuwahi kulala nyumba mbili ila siku alizokwenda kujifungua. Kwa hiyo cheti ninachokidai kwenu si karatasi. Ni mke.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyowafundisha.

1. Kijitabu chenu. Siku ya kwanza mliniachia kijitabu kiitwacho "Maswali ya Kawaida ya Mwenye Nyumba". Nimekisoma chote na kukisahihisha kwa wino mwekundu, nakala naiambatisha. Swali la kwanza linauliza, "Je, niingie ndani mara tu moto unapozimwa?" Jibu: "Hapana." Kijitabu hicho nilikabidhiwa nikiwa ndani. Swali la tatu: "Nyumba huchukua muda gani kukauka?" Jibu: "Inategemea." Nilifundisha miaka thelathini na minne, na mwanafunzi aliyeandika "inategemea" akaweka nukta, nilimpa sifuri na kumwita mzazi wake. Swali la saba: "Je, vitu vyangu vitaokolewa?" Jibu: "Vingine." Nimewapa nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za mwandiko.

2. Feni. Mafundi wenu walileta feni tatu, kila moja na sauti ya lori linalopanda mlima, pamoja na mashine ya kunyonya unyevu ambayo hukohoa. Wakaniagiza zisizimwe hata dakika moja. Sijazizima. Fundi wenu mkuu, ambaye wenzake wanamwita Taratibu, aliwahi kuniuliza kwa adabu ya mashaka, "Mwalimu, kweli huzimi ukitaka kusikiliza taarifa ya habari?" Nilimwonyesha swichi, nilivyoibandika utepe na kuutia sahihi na tarehe. Lakini sebuleni kwangu kulikuwa na watu waliokuja kila jioni kuuliza hili na lile. Sasa mtu huvumilia dakika tatu, kisha huniinulia mkono na kwenda zake. Juzi nilimweleza postamasta mstaafu kuhusu kupatwa kwa mwezi, jambo la saa moja na nusu, akaitikia kwa kichwa wakati wote. Alipofika getini aliniambia polepole kwamba hakusikia neno, ila hakutaka nijisikie vibaya.

3. Harufu. Nakiri harufu ya moshi imetoka. Mmeweka ya malimau. Kila anayeingia hupunguza sauti na kuniuliza mgonjwa amelala chumba gani.

4. Mita. Hapa nakuomba ukae vizuri, kwa maana ndipo penye jambo lenyewe.

Taratibu ana kifaa kidogo chenye meno mawili. Hukichomeka ukutani, namba ikatokea. Ikiwa kumi na tano au chini ya hapo, ukuta ni mkavu. Kuta zote za nyumba zilifaulu ndani ya siku sita. Jikoni kwenyewe, kulikoungua, kumefaulu. Ukuta mmoja tu, wa chini ya dirisha la sebuleni, umepimwa mara tisa na kufeli mara tisa. Wala haufeli kama mwanafunzi mzito. Unafeli kwa makusudi. Siku moja ulishuka hadi ishirini, nikampigia simu shemeji nikamwambia amwambie dada yake aanze kufunga mkoba. Kesho yake ishirini na saba.

Taratibu alikuna kichwa, akasema, "Mwalimu, haya maji yanatoka juu." Nilimkalisha kwenye ndoo nikamweleza. Maji yana tabia ya kupanda ndani ya tofali, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwa hiyo yanatoka chini, kwenye msingi, mahali ambapo mpira wa zimamoto uliyaacha. Nilimchorea. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akatazama dari na kusema, "Lakini yanatoka juu." Nikamwuliza kama ameona mvua wiki tatu hizi. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ameona bomba lolote ndani ya ukuta ule. Akasema alitoboa matundu mawili, na hakuna bomba. Nikamwuliza, basi hayo maji ya juu yanamwagwa na nani? Akatazama dari tena. Ndugu Meneja, mtumishi wenu hana hoja, ana mita tu, na mita yenyewe nadhani ni mbovu.

5. Nailoni, na tishio la Ijumaa. Dirisha hilo mlilifunika kwa nailoni tangu siku ya kwanza ili hewa ya joto isitoke. Kwenye ukingo wa dirisha, nyuma ya nailoni, vipo vyungu vitano vya maua ya mke wangu. Niliwakataza mafundi wasiviguse, nao, kwa hilo, walikuwa watiifu. Taratibu alisema nisiinue nailoni. Mimi huiinua kidogo sana. Nina amri ya zamani kuliko ya kwake. Jagi moja saa kumi na mbili asubuhi, jagi moja jioni, mafundi wakiwa wamekwishaondoka, kwa maana mambo ya ndani ya nyumba si ya kumsumbua mtu aliye kazini. Na naomba uandike hili kwenye faili kwa herufi kubwa: katika wiki tatu za moto, moshi, feni na malimau yenu, maua yale hayajapoteza jani hata moja. Hayajanyauka wala kugeuka rangi. Mimi ambaye mke wangu hunicheka kwamba hata nyasi hufa nikizitazama! Ikiwa kiumbe laini kama ua kinastawi kwa uangalizi wangu pale pale dirishani, mtaniambiaje kwamba hewa na ukuta wa mahali hapo ni vibovu?

Lakini jana Taratibu ameniletea barua yenu. Mnasema ukuta usipofaulu kabla ya Ijumaa mtaubomoa wote, kuanzia dirishani hadi sakafuni, na kujenga upya, na kwamba ukuta mpya nao utahitaji wiki nne kukauka kabla ya cheti. Wiki nne juu ya tatu! Shemeji yangu amekwishaanza kumwonyesha mke wangu kabati la kuwekea nguo zake.

Ndipo nafikia ombi langu.

Unakumbuka mtihani wako wa mwisho wa sayansi? Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Wewe ulipata arobaini na nane. Nililishika daftari lako, nikakumbuka kwamba ulikuwa unaamka alfajiri kuteka maji nyumbani kwenu kabla ya shule, na kwamba huenda usingizi ule haukuwa uvivu. Nikakuongezea mbili. Sikumwambia mtu mpaka leo. Leo wewe ni meneja, una kiti kinachozunguka, na mimi nafurahi kwa dhati.

Naomba uufanyie ukuta wangu kama nilivyokufanyia. Umepata ishirini na saba, unatakiwa kumi na tano. Tofauti ni kwamba mimi nilijumlisha, wewe utatoa. Najua kumi na mbili si mbili, lakini imepita miaka ishirini na sita, na wema nao unakua. Uandike cheti kwamba nyumba ni kavu, utie mhuri. Mke wangu akirudi, ukuta utajirekebisha wenyewe kwa aibu. Kama dhamiri yako inakataa kuandika uongo, basi andika "inategemea". Nitakusamehe.

Nisalimie mama yako, ambaye alikuwa haamini siku nilipomwambia utakuwa mtu. Wasalimie mafundi wote, Taratibu akiwamo, na umwambie kutofautiana kwetu ni kwa kitaaluma. Msalimie karani wenu wa simu, ingawa kila nikipiga husema uko kwenye kikao. Wasalimie wale zimamoto ukikutana nao, uwaambie mpira ulifanya kazi.

Ni mimi, wako katika unyevu,
Mwalimu Mstaafu,
nyumba yenye mlango wa kijani na kabati lililoungua nje.

Nyongeza. Barua hii ilikuwa imekwishaingia ndani ya bahasha wakati mke wangu alipokuja kuchukua sweta yake. Alinikuta dirishani, nailoni juu, jagi mkononi. Siku zote huniita Baba. Mwalimu huniita nikiwa nimekosea.

"Mwalimu, unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilianza na kazi ya mizizi.

"Mwalimu," akasema, "hayo ni ya plastiki. Tulinunua sote wawili, na ukamchelewesha muuzaji ukimweleza plastiki inatokana na nini."

Akachomoa ua moja na kulipindua. Chini hakuna udongo. Ni kokoto na sponji, na chungu kina tundu. Chini ya tundu, ukingo wa dirisha una ufa wa upana wa kidole, bila shaka ni wa mpira wa zimamoto ulipoburutwa hapo. Alitia kidole humo, akakitoa kinadondosha maji. Mita yenu haikufika hapo mara tisa. Yeye alifika mara moja, tena ameshika sweta kwa mkono wa pili. Nimepiga hesabu: majagi arobaini na mawili. Maua aliyoniagiza, kumbe, ni yale ya barazani, ambayo kila mtu anajua kwamba ndiyo maua yake. Tulikwenda kuyatazama. Ndugu Meneja, maua hayo ndiyo yaliyokauka kuliko kitu chochote katika nyumba hii.

Nilisubiri anigombeze. Alikaa kwenye ile ndoo ya Taratibu, akasema, "Wiki tatu unamwagilia ukuta," kisha akacheka, akashika mbavu, akacheka tena mpaka jirani fundi cherehani akauliza kutoka ng'ambo ya ua kuna nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na maelezo.

Nilimkumbusha habari ya cheti, kwamba bado. Alisema cheti kitakuja kwa wakati wake. Mtu kama mimi haachwi peke yake na jagi. Mkoba umeletwa jioni hii na shemeji, ambaye hakushuka garini. Yeye na mlinzi wa getini wanacheka hadi sasa.

Kwa hiyo msibomoe kitu Ijumaa. Lalamiko la nne na la tano yafute. La kwanza liache, kijitabu chenu ni kibaya kweli. Taratibu mwambie maji yalikuwa yanatoka juu, na kwamba nimesema hivyo kwa maandishi. Ombi langu pia lifute. Usiupunguzie ukuta alama hata moja. Wenyewe ulijibu sawasawa mara zote tisa. Mwalimu ndiye aliyekosea kusahihisha.