Ukuta wa Mama Nilioubomoa Bure

Leo nimeaibika mpaka chakula kimenishinda. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mama anaongeza chumba kwenye nyumba yetu. Chumba kimoja tu, kando ya sebule, kwa sababu akina mama wa maombi wakija kwetu nusu yao hukaa nje, na mvua ya huku Nyamira haina heshima. Amekuwa akiweka pesa ya majani chai tangu nikiwa shule ya msingi. Nilidhani pesa hiyo ingejenga ghorofa.

Jamani, chumba kimoja kinakula! Mawe yakala. Mchanga ukala. Simiti ikala, ikarudi ikala tena. Kila mara fundi wetu Nyamweya alipofungua mdomo, mama alifungua kibeti. Kuta zikasimama, na pesa iliyobaki ikawa ya mabati na mlango peke yake. Halafu jana fundi akasema, "Mama, bado kuvunja ukuta wa zamani na kuweka mlango wa kupitia."

"Kuvunja pia ni pesa?" mama akauliza.

"Kuvunja ni kazi."

Mimi nimevunja vikombe, viti na dirisha la shule, na hakuna siku nimelipwa.

Nikaamua nitavunja mwenyewe. Bure. Sikumwambia mtu (mnanijua, hata kanisani wakianza kusalimiana mimi huangalia viatu). Leo mama alikuwa aende maombi kwa Mama Bosibori, mlima wa pili. Angerudi akute njia imefunguliwa na pesa ya mabati iko salama. Nikaenda soko la Ikonge kuazima nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Nikarudi kwa njia ya nyuma, katikati ya majani chai, moja kwa moja hadi kwenye chumba kipya.

Kitu sikujua: Mama Bosibori alipata wageni, na maombi yakahamia kwetu.

Nikagonga ukuta kidogo, kuusikiliza, vile mafundi hufanya. Ko, ko, ko.

"Karibu!" sauti ikasema.

Nikafikiri ni jirani anakaribisha mgeni wake. Nikagonga tena.

"Karibu, mlango uko wazi!"

(Mngekuwa nyinyi mngejiuliza. Mimi sikujiuliza.)

Halafu kukawa kimya. Kumbe ndani, Mama Kerubo, kiongozi wao, alikuwa amewaambia wafumbe macho waombe.

Nyumba yetu imepigwa plasta ya simiti nje na ndani, na tangu nizaliwe nimeamini ni ya mawe. Kwa hivyo nilitema mate mikononi, nikapiga kama mtu anayepiga jiwe.

Si jiwe! Ni udongo na fito! Ukuta haukutoboka. Uliondoka. Kutoka juu hadi chini, wote ukaenda ndani, nyundo ikaufuata, na mimi kwa sababu nilikuwa nimeshika nyundo, nikafuata nyundo.

Nilipofungua macho nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kati ya makochi, nimejaa vumbi kichwa hadi miguu. Akina mama wote wananitazama. Chumba kipya hakina paa, kwa hivyo mbingu yote ilikuwa imeingia sebuleni. Sijawahi kuona mwanga kama ule kwetu. Miaka yote nimejua kuta za sebule ni za kijivu. Kumbe ni za kijani!

"Nyasae! Mungu wangu!" mama mmoja akanong'ona. "Ni malaika?"

"Malaika gani anavaa viatu vya gambuti?" Mama Kerubo akasema. "Huyu ni kijana wa hapa."

Nikainuka nitoke nilikoingilia, Mama Kerubo akanizuia.

"Simama hapo. Umekatiza maombi ya watu. Malizia."

"Mimi?"

"Kwani ni nani ameingia na nyundo?"

Nikamtazama mama. Mama akatazama ukuta, yaani mahali ukuta ulikuwa. Wengine wakafumba macho tena, wakangoja. Nikatafuta maneno kichwani kote, nikapata sala moja tu, ile niliyofundishwa nikiwa mdogo. Nikasema kwa sauti ya kuku mgonjwa:

"Mungu, bariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa. Uwape na wale wasio nacho. Amina."

Chakula chenyewe kilikuwa mkate, na mkate ulikuwa chini ya ukuta.

"Amina," wakaitikia. Mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Mwishowe hata Mama Kerubo alikuwa ameshika mbavu. Mama tu ndiye hakucheka. Nilijua anawaza mabati yake, na hapo ndipo nilitaka ardhi inimeze.

Fundi Nyamweya akasikia kishindo, akaja mbio. Alitazama paa kabla ya kunitazama mimi. "Akina mama, tokeni nje polepole."

Wakatoka kwa lile shimo, ndilo lilikuwa karibu. Wakakaa kwenye mawe yaliyobaki katika chumba kipya, wakitazama huku na huku kama watalii.

"Kumbe ni kukubwa hivi!" Mama Kerubo akamwambia mama. "Mama Moraa, usiweke mlango hapa. Acha wazi, tukae pamoja wote."

Fundi akapapasa nguzo ya ukuta iliyovunjika. Ikamwagika mkononi mwake kama unga. Mchwa walikuwa wameimaliza zamani.

"Nguzo mbili za mti wa blugamu na boriti ya kushikilia paa," akasema. "Fremu na mlango hatununui tena. Gharama itakuwa karibu sawa."

"Kwa hivyo pesa ya mabati iko?" mama akauliza.

"Iko."

Mama akapumua. Nikaona mabega yake yakishuka, na mimi nikapumua pia. Kisha akanigeukia.

"Huu udongo wote utautoa wewe. Na hulipwi."

"Mama, hata sikuwa nalipwa."

"Sasa unajua kwa nini."

Nimebeba udongo mpaka jioni. Nimeenda dukani kununua chumvi, muuzaji akaiweka mezani, akafumba macho, akasema, "Ibariki kwanza."

Msinicheke, jamani. Nilikuwa nashangaa mafundi hulipwa kwa nini. Wanalipwa kwa kuuliza kwanza ni nani yuko ndani.