Firigisi ya Baba Mdogo Gedion

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo yamenyooka! Mzee Gedion amekubali kuja kula kwangu Jumamosi jioni. Huyu ni baba mdogo wa mpenzi wangu Phoebe, ndiye aliyemlea tangu babake afariki, na bila neno lake wazee wangu hawawezi kupeleka posa Desemba. Yeye anakaa Shika Adabu, ng'ambo ya maji, mimi Magongo. Kati yetu kuna feri na visa vyake.

Anataka kile wanachokipenda kwao: kuku wa kienyeji wa kuchemsha, na ugali. Nikamwambia kwenye simu kwamba nitapika mwenyewe, kwa mkono wangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sijawahi kupika kuku. Mimi ni Mluhya kama wao, lakini wa kuzaliwa Changamwe, huku Pwani, nimekuzwa kwa mahamri na viazi karai.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenunua kuku. Mkubwa, mkali, amenidonoa kidole. Jirani yangu Khatibu, ambaye hunukisha ua zima kwa mapishi yake kila Ijumaa, ametoa kichwa mlangoni kuuliza kama ninamfuga au ninamla. Amejitolea kunifundisha kumpaka kwa tui. Nimekataa. Khatibu akinisaidia leo, kesho mtaa wote utajua ni yeye aliyepika.

Phoebe amenielekeza kwa simu. Maji, chumvi, kitunguu, moto mdogo. Basi! Nikamuuliza ni kitu gani kinachowafanya watu wazima wasifie maji na chumvi. Akasema nitaona mwenyewe. Jibu hilo linanisumbua. Lazima humo sufuriani kuna jambo, nami nitalijua.

Jumamosi, 9 Agosti. Mchana

Kuku yuko motoni tangu asubuhi. Nimefunua kifuniko mara nyingi, kwa udadisi tu. Paja, naam. Shingo, naam. Halafu nikaona kinyama kigumu, kimejikunja kama ngumi ya mtoto. Mapaja mawili, mabawa mawili, lakini hiki kimoja tu! Nikajisemea, kama siri ipo, ipo hapa. Nikaonja ukingo. Nikaonja na upande wa pili ili niwe na hakika. Kikaisha. Kilikuwa kitamu mno.

Ndipo ujumbe wa Phoebe ukaingia. Nisisahau firigisi, iwe juu kabisa kwa sahani ya Baba Mdogo. Mgeni wa heshima akiikosa, ni kama umemfukuza nyumbani kwako.

Kumbe ndicho kile kinyama nilichokimaliza! Kwa nini hakusema jana? Alidhani kila Mluhya anajua!

Lakini mimi ni mtu wa mipango. Nimekimbia sokoni. Muuzaji akagoma kuniuzia firigisi moja, zinauzwa kwa fungu, tano tano. Nimezileta zote. Mwanzoni nilitaka kumwachia paka nne, kisha nikafikiri: ikiwa moja ni heshima, je, tano? Zote sufuriani. Khatibu, ambaye hakuna aliyemwita, akachungulia na kusema, "Lenox, wallahi kuku mmoja ana firigisi moja."

Wivu tu huo.

Jumapili, 10 Agosti

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Wageni walichelewa kwa ajili ya feri, wakafika na njaa ya kweli: Mzee Gedion, mkewe Mama Mdogo Pascalia, na Phoebe. Ugali wangu ulikuwa na madonge. Hakuna aliyelalamika. Mzee akaipata firigisi yake juu kabisa, akatabasamu, nami nikaiona harusi. Akachota mchuzi, akapata nyingine. Akachota tena. Zote akazipanga ukingoni mwa sahani, taratibu, huku Mama Mdogo akikohoa na Phoebe akitazama dari.

"Kijana, hapa wamechinjwa kuku wangapi?"

Nikasema mmoja. Nikaongeza kwamba kuku wa Pwani wana maumbile yao. Akasema anakula kuku tangu hajaota meno. Akabonyeza moja kwa kidole, akasema hizi ni laini, ni za kuku wa gredi, wale wa kisasa, sasa ile ya huyu jogoo iko wapi? Nikakiri kwamba niliionja kidogo, kuona kama imeiva.

Walimaliza chakula chote, maana njaa ni njaa. Kisha Mzee akanawa mikono na kusema, "Mtu asiyeweza kungoja sufuria, nimpe binti yangu?"

Langoni Phoebe aliniambia amechoka kunitetea kwao. Hakulia wala hakupaza sauti. Nampenda sana huyu msichana, na niliona aibu hadi masikioni.

Jumatatu, 11 Agosti

Phoebe amepiga simu! Mzee atakuja tena Jumamosi, na jogoo wake mwenyewe, achinjwe mbele ya macho yake. Mama Mdogo ndiye aliyeniombea. Phoebe amesema hakuna mara ya tatu.

Nimeapa. Firigisi sitaigusa hata kwa kijiko.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Wageni wako barazani, wana njaa. Jogoo ameiva. Firigisi ipo, nzima, nimeifunika kwa kibakuli na jiwe juu yake. Mtu amebadilika! Nilijisifu sana, na katika kujisifu huko nikaliona ini, peke yake pembeni, bila mwenyewe. Kuhusu ini hakuna aliyenionya. Nikataka kujua tu kama ladha yake inakaribiana na ile nyingine.

Haikaribiani. Ni tamu zaidi.

Sasa hivi Phoebe amegonga mlango kuuliza kama ini la Mama Mdogo limeiva vizuri, kwa sababu ya meno yake mabovu, na ndilo pekee aliloomba. Nimemjibu limeiva sana.

Nimeshampenyezea Khatibu ujumbe dirishani akimbie sokoni. Alete maini, fungu zima. Safari hii hakuna atakayeniita mlafi.