Picha Iliyotupa Chumba Chenye Mlango

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu ametoka alfajiri kwenda kubeba zege, na shuka bado lina harufu yake. Nimeona tangazo: shindano la picha za maisha ya vibarua waliotoka mbali. Mshindi anapewa chumba mwaka mzima. Chumba chenye mlango! Sisi tuna pazia tu. Upande wa pili wamelala vibarua wenzake tisa, na tukinong'ona tu, wote wanakohoa.

Jumanne, 4 Juni
Nimewaomba wavae nguo za kazini. Wamegoma! Eti shemeji, picha ni za kutuma nyumbani. Wote tisa wamevaa kwa zamu koti la mwenzao mmoja, fundi bomba, wakiegemea gari la mkandarasi. Picha tisa, koti moja. Mpishi wa kambi akaniuliza kama nimefungua duka la makoti. Wivu tu. Nani anamwita yeye mpenzi?

Alhamisi, 6 Juni
Nimeipata! Saa nane mchana, mapumziko yamekwisha zamani, mume wangu bado amelala juu ya mifuko ya saruji. Vumbi kwenye kope! Nyuma yake fundi bomba naye amelala, amejifunika koti. Nusura nilie. Jioni nikamwonyesha. Akashtuka, akasema mke wangu, futa hiyo, nyapara akiiona nimekwisha. Ana haya, kipenzi changu! Nikamwambia nimefuta.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeshinda! Kumbe mtoa zawadi ni mkandarasi mwenyewe. Aliitazama picha yangu kuliko zote. Akauliza kwa upole huyu kijana ni nani. Nikajibu kwa fahari: mume wangu, kwenye ghorofa lako, saa nane mchana. Wa nyuma nikamtaja pia. Akaandika. Mtu msikivu kweli!

Jumatatu, 10 Juni
Wamefukuzwa kazi wote wawili. Na chumba, kumbe, ni kwa familia za wafanyakazi wake tu. Fundi bomba ameondoka na koti. Wanane waliobaki hawaniiti tena shemeji. Mpishi hakunitania hata kidogo. Alinifungia chakula cha safari ya mume wangu bila kunitazama. Hilo limeniuma kuliko yote.

Anakwenda kutafuta kibarua mji mwingine, peke yake. Amekaa kitandani, begi miguuni, amenipa mgongo. Mwanga wa dirisha umemwangukia begani. Jamani, mgongo ule!

Nimepiga picha tatu. Ya pili ndiyo nzuri.