Bango la Picha za Kudokoa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo. Ni wazo la kunitoa kwenye kile kiti cha pembeni karibu na mlango wa choo, sebuleni kwa wakwe zangu, na kuniketisha kwenye kochi kubwa na watu wenye hadhi zao.

Mama mkwe anastaafu. Ameongoza wauguzi wa wodi ya wazazi mpaka nusu ya mtaa imezaliwa mikononi mwake. Jumapili tunamfanyia sherehe. Familia imekaa kugawana kazi. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ambaye kila mtu anamwita Mhandisi, hata watoto wake, kapewa turubai, muziki na hotuba. Mimi nimepewa viti. Si kuvinunua wala kuvikodi. Kuvipanga!

Nilitabasamu tu. Moyoni nikasema, subirini. Nitatengeneza bango. Bango la ukuta mzima lenye sura za ukoo wote: watoto, wakwe, wajukuu, binamu. Na iwe siri. Nikianza kuomba watu picha, Mhandisi atasikia, na Mhandisi akilisikia wazo linakuwa lake. Kwa hiyo siombi mtu. Kila mtu kaweka picha ya profaili kwenye simu. Zipo pale zinaning'inia. Kazi ni kuzichuma.

Jumanne, 4 Machi

Hazichumiki! Nilifungua profaili ya shangazi wa mke wangu, nikabonyeza kila kona. Hakuna pa kuihifadhi. Nikapiga skrinshoti. Nikapata giza. Skrini nyeusi tii, kana kwamba shangazi kakatiwa umeme. Programu hairuhusu!

Nilishinda na huzuni stoo. (Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya matangi ya maji. Stoo ina utulivu mzuri wa kufikiri.) Hadi saa ya chakula nikawa nimepata jibu. Simu yangu ionyeshe picha, simu nyingine iipige. Waliotengeneza programu wamesoma sana, lakini hawakumfikiria mtu mwenye mikono miwili.

Jioni nikaazima simu ya mke wangu. Nikamwambia nataka kuona matokeo ya mpira. Hajui kwamba hakuna mechi leo. Mimi mwenyewe nilikumbuka baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Mavuno! Nimejifungia chumbani na fulana ya ndani, joto limenichachamalia, nikawavuna mmoja baada ya mwingine.

Ukoo huu una mambo. Mama mkwe mwenyewe hana sura. Kaweka ua la waridi lenye maandishi ya asubuhi njema. Basi ua litakaa kwenye bango, pale pembeni. Mhandisi kaweka gari lake. Peke yake, limeoshwa, linang'aa. Nimelichukua hivyo hivyo. Kwenye bango, Mhandisi atakuwa gari. Si mimi niliyechagua!

Kwa mjomba kidole kiliteleza. Badala ya picha nikapiga simu ya video. Mjomba akapokea hapo hapo, akaniona na fulana, nimemwelekezea simu ya pili usoni. Akauliza kuna msiba? Nikasema hapana, namsalimu. Akauliza mbona namsalimu bila kusema kitu. Nikasema mtandao. Akanitazama kwa muda, akasema atazungumza na mke wangu.

Lakini sikiliza hili. Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba. Mama mkwe alimtaka asome uuguzi. Yeye akaacha chuo, akahamia mji mwingine kuwa fundi cherehani. Mama akasema maneno, naye akajibu maneno, na tangu hapo hawajaambiana hata habari za asubuhi. Jina lake halitajwi mezani pale. Leo nafungua profaili yake, nakuta nini? Msichana! Kasimama kando ya baiskeli, anacheka, kavaa gauni jeupe. Gauni jeupe! Hakuna haja ya kuuliza. Shemeji anaoa na hajatuambia. Picha haina rangi na imechubuka kingo, lakini vijana wa sasa wanapenda kuzizeesha picha makusudi.

Nimeichukua. Mama mkwe ataagwa na zawadi ya mkamwana!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nilisahau kuzifuta kwenye simu ya mke wangu.

Alianza kwa upole, na ule upole wake ndio unaotisha. Akaniuliza kwa nini simu yake imejaa dada zake, binamu zake na msusi wa dada yake. Na kwa nini kwenye kila picha, kwa ndani ya kioo, kuna kivuli cha mwanaume mwenye fulana, katoa ulimi. (Huwa natoa ulimi nikimakinika.) Mjomba alikuwa ameshampigia.

Nikalazimika kutoa siri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema niwaombe watu picha nzuri, kama binadamu. Nikasema sawa. Sitafanya hivyo.

Alipofika kwa yule msichana akaikuza picha kwa vidole. Akasema sura ile kama ameiona mahali. Nikamwambia wasichana wazuri wote wanafanana. Hilo jibu halikunisaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi wa mabango. Kijumba kimoja, mashine moja, harufu ya wino inayokaba koo. Akaweka picha zangu kwenye kompyuta, akazikuza. Ukoo mzima ukageuka vigae vya bafuni! Shangazi akawa miraba. Wajukuu wakawa miraba midogo. Fundi akasema picha za profaili ni ndogo, na hizi zimepigwa juu ya kioo, hata yeye si mchawi. Akashauri niwaombe watu picha zenyewe. Kila mtu na ushauri huo huo! Hawachoki?

Tukaelewana. Ukoo ubaki mdogo mdogo pembezoni. Kati kukawa na uwazi mkubwa, unahitaji sura moja. Na iliyostahimili kukuzwa ni moja tu: yule msichana wa baiskeli, kwa kuwa picha yake ina ukungu tangu mwanzo. Ikakaa kati, kubwa kuliko mlango. Chini yake nikaamuru maneno haya kwa herufi nyekundu: MKAMWANA WETU MTARAJIWA.

Fundi akauliza nina uhakika? Nikamwambia yeye achape.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki kwa raha. Lakini lazima niandike.

Viti nilivipanga vizuri uani, na kochi kubwa tulilitoa nje kwa ajili ya mama mkwe. Wauguzi wenzake walikuja, majirani walikuja, akina mama waliozalishwa naye walikuja na watoto wao. Mhandisi akahutubia mpaka barafu ya soda ikayeyuka. Alipovuta pumzi nikadaka kipaza sauti, nikasema kuna jambo dogo kutoka kwangu, nikavuta shuka ukutani.

Kwanza watu wakacheka gari. Nikafurahi. Halafu nikamwona mama mkwe anainuka. Akalisogelea bango polepole, akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena.

“Nani kaandika maneno haya?”

Nikainua mkono. Nikamweleza kwamba mwanawe anaoa, kwamba mimi nimeona asifichwe.

“Mwanangu,” akasema, “huyu ni mimi.”

Watu wote wakageukia bango. Hata watoto.

“Ni mimi, siku yangu ya kwanza kazini. Hiyo ni sare ya uuguzi. Na hiyo baiskeli ni ya baba yangu.”

Mhandisi akaangua kicheko. Akasema kwenye kipaza sauti, ambacho sijui alikipataje, kwamba mpanga viti kamwozesha mama kwa mwanawe wa kumzaa. Uwanja mzima ukalipuka. Mke wangu kajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilitamani tangi lolote la stoo, hata lenye ufa, nijifunike nalo.

Lakini mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ile picha, pale kwenye usukani wa baiskeli.

“Paa lilipovuja albamu yangu yote ilioza,” akasema. “Nyingine zote nilizisahau. Hii ndiyo niliyoililia. Umeitoa wapi?”

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa mengine. Kwenye profaili ya kitinda mimba wake. Ndiyo picha anayowaonyesha watu. Kila anayemwandikia anaiona hiyo kwanza.

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. “Kumbe aliondoka nayo,” akasema, si kwa kutuambia sisi.

Kisha akamwomba mke wangu ampigie. Hakuna aliyetikisika. Tulisikia sauti ikisema haloo, haloo dada. Mama mkwe akaishika simu kwa mikono miwili.

“Ni mimi.”



“Mama?”

“Umekula?” akauliza.

Upande wa pili mtu alicheka au alilia, sijui, mtandao. Mama mkwe akatoka na simu nyuma ya nyumba. Chai ikapoa. Alirudi na macho mekundu, lakini anatembea kama bibi harusi. Akatangaza kwamba mwanawe anakuja Jumamosi, na kwamba anataka vipimo vyake, amshonee gauni.

Vigelegele! Wauguzi walitaka kuling'oa bango waende nalo wodini. Shangazi akanibusu kipara. Na mama mkwe akamwambia Mhandisi, mbele ya watu wote, asogee kidogo, kisha akapiga kiganja kwenye kochi kubwa kando yake, akaniambia, “Njoo ukae hapa, mwanangu.”

Nikakaa! Watu wakauliza nilijuaje. Nikasema ni utafiti wa muda mrefu. Mke wangu akanifinya ubavuni, lakini alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka. Kochi lile ni laini kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 11 Machi

Bado ni shujaa. Mjomba kanipigia simu ya video kwa hiari yake.

Nimetafakari, na ukweli ni huu: nina kipaji. Watu wanaulizana maswali ilhali picha inasema yenyewe. Mimi naisikia. Haya ya leo ni ushahidi. Asubuhi mkuu wetu wa kazi hakufika ofisini. Nikafungua profaili yake. Ameibadilisha! Ameweka mshumaa, unawaka. Chini ya mshumaa kuna kitu cheupe, kirefu, kimepambwa maua madogo ya waridi kotekote. Jeneza! Maskini, kafiwa. Nilikaa chini.

Dada wa mapokezi nilimwonyesha, akasema mbona kama keki. Wengine hawana jicho kabisa! Akasema nimpigie nimuulize. Mtu yuko kwenye majonzi, nimpigie?

Nimeidokoa picha, nimeipeleka kwa fundi wa mabango, na shada la maua nimeshaagiza. Kesho asubuhi wafanyakazi wote tunakwenda nyumbani kwake, tumevaa nyeusi. Mimi ndiye nitakayezungumza.