Jiwe la Magembe Kisimani

Jumamosi, 1 Juni 2024
Nimepata nafasi ya kukumbukwa! Kisarawe, jirani na shamba langu, kuna kisima cha mawe cha enzi za mababu. Kimefukiwa na udongo. Kijiji kimeamua kukifufua kwa nguvu zake, bila kungoja mfadhili. Nikagombea uenyekiti wa kamati. Wakamchagua Bi Zuwena. Hashiru, Mzaramo yule, akasema Msukuma apewe jembe tu. Ni mtani wangu, hairuhusiwi kukasirika. Nimekasirika.

Jumatatu, 3 Juni
Nimechimba. Malengelenge viganja vyote! Bibi Mboni aliletwa na kiti chake. Alisema babu yake ndiye aliyepanga mawe yale, na angependa kuyanywa maji yake kabla hajafa. Machozi yalinilenga. Kisha nikawaza: huyo babu hana hata kibao. Je, mimi?

Jumatano, 5 Juni
Nimetoroka jembe, nimekwenda Tumbi kuagiza jiwe lenye jina langu. Siri kubwa. Fundi ameniuliza jina kamili, dini na mwaka wa kuzaliwa. Mtu makini! Akanipa pole. Nikadhani ni ya malengelenge, nikashukuru.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelichukua jiwe, limefungwa kwenye gunia. Nimeapa kutolifungua mpaka umati uwepo. Njiani simu ya Hashiru: maji yametoka! Bibi Mboni amekunywa kata ya kwanza, watu wamelia. Mimi nilikuwa kwenye bodaboda, nimekumbatia jiwe. Iliniuma sana.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelisimika juu ya kifusi cha udongo, pembeni ya kisima. Hotuba. Nikavuta gunia. Msalaba! "Marehemu Magembe Ndaki. Pumzika kwa amani."
Hashiru akaangua kilio. Akajilaza kwenye kifusi, akawa maiti yangu, akagoma kuzikwa mpaka watani wapewe jogoo. Aliigiza hata ninavyokwepa jembe. Bi Zuwena akasema hakuna atakayechota maji kaburini, jiwe liondoke. Bibi Mboni alicheka mpaka akapaliwa, akaniomba nimchotee maji. Nikaonja na mimi. Matamu, jamani.

Jumapili, 9 Juni
Nimerudi nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege, na jiwe langu. Mke wangu Modesta anasema nimshukuru Mungu nimefufuka Jumapili, na sasa nitulie. Nitulie? Magindu kuna josho la ng'ombe la zamani, linabomoka! Na jiwe lina upande wa pili, mweupe kabisa. Nimempigia fundi. Ameuliza marehemu wa safari hii ni nani. Nimemjibu ni yuleyule, ila sasa aweke na picha.