Nani Kachemsha Soda?

Jumatatu, 9 Machi 1998

Shule imefunguliwa. Wiki saba kipindupindu kimetuweka majumbani, leo tumerudi. Yaani miili ndiyo iliyorudi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa uwanjani, bukta imepigwa pasi, filimbi mdomoni, tayari kwa mchakamchaka. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili wakakimbia kutoka mlingoti wa bendera hadi njia ya Mkonze na kurudi bila wimbo hata mmoja. Miguu tu. Nikawapigia kelele waanzishe. Wakatazamana. Zamani kulikuwa na kijana mwenye koo hasa la kuanzisha, mstari wa mbele, jina limenitoka. Sasa kila mtu anamsubiri mwenzake.

Paredi. Mkuu wa shule, Mama Zipora, alisoma jina la Yotham wa Kidato cha Tatu, aliyefia kwao Haneti mwezi uliopita kwa ugonjwa huo huo. Dakika moja ya ukimya. Watoto wakapitiliza dakika, ikabidi nipulize filimbi. Kuna watu walinitazama vibaya. Ratiba ni ratiba.

Mchana, bwaloni, kila mmoja na sahani yake, mgongo kwa jirani yake. Kimya.

Kikao cha walimu. Mama Zipora akasema Afisa Elimu wa Mkoa anakuja Ijumaa ya tarehe 20 na anataka kukuta shule, si majengo. Nafasi ya makamu mkuu wa shule iko wazi tangu Desemba. Atakayewarudisha watoto hawa kuwa kitu kimoja, ndiye jina lake litakalopelekwa. Alisema hivyo akimtazama Fredy. Fredy! Mwalimu wa hesabu, miaka miwili kazini, anacheza mpira na wanafunzi na kuanguka mbele yao. Mimi nina miaka kumi na tisa ya historia na sijawahi kuanguka.

Jumanne, 10 Machi

Nimeunda Kamati ya Kurudisha Ari. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi, kwa muda. Wajumbe watano walioalikwa wote walipata udhuru kwa saa ile ile. Kikao kilikwenda vizuri na hakukuwa na ubishi.

Azimio: watoto wanaogopana tangu walipokatazwa kushikana mikono. Basi keshokutwa kila mwanafunzi atashikana mikono na wenzake kumi, na kujaza majina yao kwenye fomu. Nimebandika tangazo. Fredy akalisoma, akauliza kama salamu yenye fomu bado ni salamu. Walimu wawili wakacheka. Nimeandika majina yao.

Mke wangu Edina ni muuguzi wa zahanati. Akasema wakimaliza kushikana watakimbilia kunawa, ndivyo walivyofundishwa, na yeye ndiye aliyewafundisha. Nikamwomba asiniletee mambo ya zahanati mezani.

Alhamisi, 12 Machi

Walinawa. Baada ya kila mkono! Mara kumi kila mtoto, kwa sabuni, na foleni bombani kama ya kugawiwa sukari miaka ile. Saa tano tangi likawa tupu. Mzee Gideoni, mpishi wetu, akaja ofisini na mwiko mkavu akauliza ugali asonge na mate ya nani. Chakula kimeliwa saa kumi jioni.

Fomu nimezikusanya. Kijana mmoja wa Kidato cha Nne ameshikana mikono na mlingoti wa bendera. Mara kumi.

Mama Zipora aliniita. Akaniuliza kwa upole, Mwalimu Ambokile, umewahi kufikiria kuwaacha tu? Niwaache! Fredy akae kando anacheza mpira, halafu awe makamu kwa kuacha! Nyumbani Edina hakusema chochote. Anajua kutosema chochote kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda mjini, Majengo, dukani kwa Bwana Gulamrasul. Tangu serikali iruhusu biashara huria duka lile lina kila kitu: feni, redio kaseti, saa za ukutani zinazolia kama jogoo. Kipaza sauti cha mkononi kilikuwa juu ya kabati. Nikaomba aniazime kwa ajili ya shule. Akakubali kabla sijamaliza hotuba, maana binti yake Karishma anasoma kwetu kutwa. Akasema siku hizi Karishma akirudi anakaa tu. Zamani alikuwa anaimba nyimbo za mchakamchaka bafuni mpaka majirani wanagonga ukuta. Akaniuliza kama atarudi kuwa vile. Nikamwambia aniachie mimi, jambo hili liko chini ya kamati.

Mpango: ikiwa hawataki kuanzisha, mashine itaanzisha. Nimejirekodi kwenye redio kaseti ya shule. Beti nane nilizotunga mwenyewe, zinaitwa Faida za Elimu. Ilipofika ubeti wa tano Edina akachukua watoto akaenda kwa dada yake.

Jumatatu, 16 Machi

Nimedhalilishwa mbele ya shule nzima.

Nilikimbia mbele, redio kwapani, kipaza sauti kimefungwa kwenye spika kwa kamba. Beti mbili zilikwenda. Halafu betri zikaanza kuchoka. Sauti yangu ikazidi kuwa nzito, ikavuta, mpaka nikawa nasikika kama ng'ombe anayezaa. Watoto wakaanza kukohoa. Kikohozi kile nakijua, ni kicheko kinachofichwa. Kisha nyuma kabisa msichana mmoja akapaza sauti, Priska wa Kidato cha Tatu, mtoto ambaye tangu tufungue hajafungua mdomo hata darasani:

Nani kachemsha soda?

Na mia tatu wakaitika: Mwalimu!

Ikasema nini? Paa! Naye kaingia wapi? Uvunguni! Akasema nini huko? Nidhamu!

Lazima nieleze, ili ukweli uwepo mahali. Januari, ugonjwa ulipotangazwa, redio ilisema tuchemshe kila kinywaji. Kila kinywaji. Mimi nilikuwa mwalimu wa afya. Nikaweka chupa mbili za soda kwenye sufuria ya bwalo, na vizibo vyake, maana ukifungua unaingiza vijidudu. Zilipasuka. Sikuingia uvunguni. Niliinama kando ya meza, na meza ikawa juu yangu.

Walikimbia wakaupita mwisho wa njia, wakazunguka mara mbili zaidi bila kuamriwa. Wameshikana mabega! Fredy alikuwa katikati yao anaitika. Karishma, aliyewahi kufika, aliutupa mkoba chini akajiunga akiwa na sare yake safi ya darasani.

Paredini nikaupiga marufuku wimbo ule. Priska akafyeke nyasi nyuma ya mabweni, siku tatu.

Jumanne, 17 Machi

Nimekwenda kumkagua Priska. Nimekuta wanafunzi zaidi ya hamsini wanafyeka. Nikauliza nani kawaadhibu. Hakuna, wamekuja tu. Adhabu itakuwa na maana gani ikiwa watu wanajitolea? Nikawafukuza. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake.

Mchakamchaka ulikuwa kimya. Angalau ni kimya cha heshima.

Jumatano, 18 Machi

Fredy alinifuata ofisini akafunga mlango. Nikajua amekuja kujigamba. Akaniambia wimbo ule haukutungwa na Priska. Aliutunga Yotham, siku ile ile chupa zilipopasuka, siku mbili kabla hatujafunga shule. Ndiye aliyekuwa anaanzisha kila asubuhi. Priska ni binamu yake, walikuwa wanatoka Haneti pamoja. Hakuna aliyetaka kusimama mahali pake mstari wa mbele, ndiyo maana hawaimbi. Juzi walicheka, na katika kucheka Priska akasahau kuogopa.

Yotham nilimfundisha miaka miwili. Alikuwa anakaa dirishani. Insha yake ya Maji Maji iko kwenye rundo langu, sijaisahihisha, na sasa sijui nimrudishie nani. Iliniuma. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu.

Lakini lile neno uvunguni angeweza kuliacha. Kulikuwa na mashahidi.

Ijumaa, 20 Machi

Afisa Elimu alifika mapema kuliko barua yake, akasimama mlingotini na Mama Zipora. Wanafunzi wakaanza kukimbia. Miguu tu. Mzunguko wa kwanza, kimya. Afisa akatazama saa.

Nikamfuata Fredy nikamwambia aanzishe chochote. Akakataa. Akasema si wimbo wake, na mwenye kuufungia ndiye mwenye kuufungua. Nikamtazama Priska, akatazama chini. Nikajaribu Faida za Elimu, ubeti wa kwanza, kwa sauti yangu mwenyewe bila betri. Hakuna aliyeitika. Mama Zipora akanitazama mimi tu, muda mrefu. Niliuona umakamu ukiondoka kwa miguu yake.

Nikakimbilia mbele, mstari wa kwanza, pale ambapo hapakuwa na mtu. Nikauliza kwa nguvu zangu zote nani kachemsha soda.

Hatua tatu hivi hakuna kitu. Halafu: Mwalimu!

Ilibidi niendelee. Ukishaanza huwezi kuishia kwenye soda. Nikauliza ikasema nini. Nikauliza naye kaingia wapi, na mimi mwenyewe nikaitika uvunguni, kwa sauti kubwa kuliko wote. Priska akatoka nyuma mbio akaja kando yangu akaupokea wimbo, anaimba na machozi yanamtiririka, hajifuti. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama viatu vyangu mpaka mlingotini. Walirudi wamekumbatiana, wavulana na wasichana, na wengine walikuwa wanalia waziwazi. Mchana wakala kwenye masinia, vichwa pamoja, bila kibali. Nilikuwa na fomu za kibali tayari, hakuna aliyeniomba.

Afisa Elimu amesema hajaona shule kama hii tangu mwaka uanze.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeteuliwa! Kaimu makamu mkuu wa shule, kuanzia leo. Mama Zipora amesema mbele ya walimu wote kuwa alikuwa anatafuta mtu anayeweza kuchekwa na watoto asishike fimbo, na hakudhani angekuwa mimi. Wote wakapiga makofi. Fredy akanipa mkono. Nadhani Mama alikuwa anatania ili asiwaumize wengine. Sababu ni kamati, kila mtu anajua.

Edina alinipikia wali kwa kuku. Akasema amenionea fahari, akaniomba sana nisiguse kitu kwa wiki mbili.

Jioni nimeandika agizo langu la kwanza, nakala nne. Kuanzia kesho wimbo wa soda hautaimbwa, kwa kuwa haulingani na hadhi ya kaimu makamu na una makosa ya ushahidi. Mahali pake wanafunzi watajifunza Faida za Elimu, ambao sasa una beti kumi na mbili. Ubeti wa tisa unamtaja Yotham, kwa heshima, pamoja na umuhimu wa vyoo.

Jumanne, 24 Machi

Wamekimbia kimya. Wote mia tatu na kumi na mmoja, hadi njia ya Mkonze na kurudi. Kila mmoja ameacha nafasi ya mita mbili. Bwaloni mgongo kwa mgongo, sahani zimerudi. Priska hakuja kabisa tangu asubuhi, amesema kichwa kinamuuma.

Nimechunguza, na sina shaka kuna mkono wa Fredy. Watoto hawa hawana ari hata kidogo. Ijumaa tu walikuwa nayo, nimeiona kwa macho yangu, na sasa hata sijui wameiacha wapi.